Mbegu Zilizofichwa na Mbegu Zilizo Wazi

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Kyela kwenda Mbeya hupanda mlima karibu safari yote. Huanza katika nchi tambarare, mahali penye joto, ambapo maji ya Ziwa Nyasa yako kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kando ya njia huona mpunga, migomba, michikichi, na chini ya vivuli huona mikakao, yaani miti izaayo kakao, ambayo wengine huiita kokoa. Baadaye hupita Tukuyu na mashamba yake ya chai, na mlima Rungwe umesimama karibu naye, kilele chake kikiwa juu kupita mita 2,900. Huko hewa ni ya baridi, na miti iliyopandwa ni mingine kabisa. Ni misonobari, ambayo watu wengi siku hizi huiita mipaini. Imesimama safu kwa safu, na majani yake membamba kama sindano yananing'inia.

Mtoto wa Kyela ashukapo huko mara ya kwanza huona chini ya miti vitu asivyovijua. Ni vigumu, vya rangi ya kahawia, vyenye magamba yaliyopangana kama magamba ya kakakuona. Huokota kimoja na kukitia mfukoni. Arudipo nyumbani hukiweka mezani karibu na tunda la kakao, na ndugu zake humwuliza, "Hili nalo ni tunda gani?" Wakijaribu kulipasua hawakuti nyama yo yote ndani yake, wala maji, wala utamu, ni gamba juu ya gamba tu.

Jibu la swali lao ni kwamba hili si tunda. Msonobari hauzai matunda, wala haujapata kutoa ua hata siku moja. Kitu hiki huitwa koni. Walakini mti huu huzaa mbegu, na mbegu zake huota na kuwa miti mikubwa. Wazaaje basi pasipo ua? Ili tufahamu jambo hili, yatupasa kwanza kuitazama vizuri mimea ya kwetu itoayo maua, kwa sababu mara nyingi kitu tukionacho kila siku ndicho tusichokijua.

Nendeni asubuhi na mapema katika shamba la maboga. Mtaona maua ya namna mbili juu ya mmea mmoja, ingawa kwa mbali yote ni sawa. Namna ya kwanza lina kikonyo chembamba, na ndani yake pamesimama kijiti kimoja chenye unga wa manjano. Mkikigusa, unga ule hushika vidoleni. Unga huo ni mbegu ya kiume ya mmea, nao huitwa chavua. Namna ya pili ya ua halina unga, lakini chini yake, penye kikonyo, pana kitu cha mviringo kama boga changa lililo dogo sana. Mwombeni mwalimu alikate kwa wembe. Ndani mtaona punje ndogo nyeupe zimepangwa kwa safu. Punje hizo ni vijiyai, na ile nyumba iliyovifunika huitwa ovari. Juu ya ovari, katikati ya ua, pana ncha yenye kunata, iitwayo stigma.

Nyuki hutoka katika ua la kwanza na unga mwilini, akaingia katika la pili, na chavua ikabaki juu ya stigma. Lakini kazi haijaisha, kwa kuwa vijiyai vimefungiwa ndani, na hakuna mlango ulio wazi. Kila chembe ya chavua huchipua mrija mwembamba kupita unywele, na mrija huo hushuka ukipenya nyama ya ua mpaka ukifikie kijiyai kimoja. Kwa njia hiyo mbegu ya kiume hukutana na ya kike. Tangu hapo kijiyai huwa mbegu, na ovari hukua ikawa boga. Ua lisilopata chavua hunyauka, na kile kiboga chake huoza na kuanguka. Katika mimea mingi mingine, sehemu za kiume na za kike hukaa pamoja ndani ya ua moja, lakini mambo ni yale yale.

Zamani watu hawakuyaamini haya. Walidhani unga wa maua ni takataka tu ya mmea. Mtu aliyeonyesha ukweli kwa majaribio ni Mjerumani mmoja, Rudolf Jakob Camerarius, mganga wa mji wa Tübingen, aliyeandika habari zake mwaka 1694. Alichukua mimea ambayo ninyi nyote mnaijua: mbarika na mhindi. Katika mbarika aliyakata maua ya kiume kabla hayajatoa unga. Katika mhindi alizikata zile nywele zitokazo katika hindi changa. Mbegu hazikupatikana. Ninyi nanyi mwaweza kufanya jaribio hili kwa mhindi mmoja nyuma ya shule, wala halina gharama. Funikeni hindi changa kwa mfuko wa karatasi kabla nywele zake hazijatokeza, mwuache mfuko huo mpaka nywele zikauke. Mkilimenya baadaye mtakuta gunzi tupu.

Mhindi hautumii nyuki kama boga. Unga wake hutoka juu, katika mbelewele, na upepo huuangusha. Kila unywele wa hindi watoka katika punje moja peke yake, na chembe moja ya chavua iangukayo juu ya unywele huo hupeleka mrija wake chini mpaka kwenye punje ile. Safari hiyo, hata ikiwa ni ya urefu wa shibiri nzima, humalizika kwa muda wa siku moja hivi. Kwa hiyo hindi lenye mapengo ni hindi ambalo baadhi ya nywele zake hazikupata unga.

Na mpunga, ambao umeipa Kyela sifa katika masoko ya nchi nzima? Ua lake ni dogo sana, limefungwa kati ya makapi mawili. Hufunguka mara moja tu, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nalo hujifunga tena baada ya muda mfupi. Vifuko sita vya unga hutokeza nje, lakini mara nyingi unga umekwisha kuanguka juu ya stigma ya ua lile lile. Karibu maua yote ya mpunga hujizalisha yenyewe namna hii. Ndiyo sababu mkulima akichagua mashuke mazuri ya mpunga wake wenye harufu nzuri na kuyaweka kwa mbegu, mwaka ujao huvuna mpunga ule ule, ijapokuwa jirani amepanda mwingine. Mwenye mahindi hana raha hiyo, maana upepo humletea unga wa jirani pasipo kumwuliza. Ukiona mbegu ya mpunga imechanganyika, mara nyingi ulaumu gunia na kiwanja cha kupuria kabla hujalilaumu ua.

Sasa tuje kwenye mkakao, nao wataka maneno mengi zaidi, kwa kuwa katika wilaya zote za Tanzania hakuna ipatayo kakao nyingi kama Kyela, na nyumba nyingi huko hupata ada za shule na mabati ya paa katika mti huu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Maua yake hayatokei kwenye ncha za matawi kama ya mwembe, bali hutokea juu ya shina lenyewe na juu ya matawi manene ya zamani. Mgeni akiyaona hufikiri ni ugonjwa wa mti. Ni madogo, meupe yenye wekundu kidogo, wala hayafiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mti mmoja waweza kutoa maelfu mengi ya maua kwa mwaka, lakini katika kila maua mia, yale yashikayo tunda mara nyingi ni machache kuliko vidole vya mkono mmoja.

Kwa nini mengi hivyo hupotea? Tazameni ua moja kwa makini. Lina majani matano ya rangi, na kila jani limejikunja likafanya kifuko kidogo, na ndani ya kifuko hicho unga wa kiume umejificha. Unga huo unanata, kwa hiyo upepo hauwezi kuupeperusha. Tena stigma imezungukwa na vijiti vitano vilivyosimama kama ugo. Nyuki ni mkubwa mno kwa mlango huu. Wadudu waupitao ni wa namna ya usubi, wadogo sana, wenye urefu wa milimita moja mpaka tatu. Mdudu huyo huingia katika kifuko, akatoka na chembe za chavua mgongoni, akaruka na kuipenya ile ugo ya ua jingine. Ua hufunguka kabisa alfajiri. Lisipopata unga upesi, kesho yake au keshokutwa huanguka chini. Tena tunda la kakao lina mbegu ishirini, thelathini, au zaidi ya arobaini, na kila mbegu moja ilihitaji chembe yake moja ya chavua. Zaidi ya hayo, iko mikakao mingi ikataayo unga wake yenyewe. Mpaka upatikane unga wa mti mwingine ndipo tunda lishike.

Msiwadhanie wadudu hawa kuwa ndio wale watokao ziwani kwa mawingu, ambao mtu akisimama Matema huwaona juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, na ambao watu wa pande hizi za ziwa huwakamata na kuwapika. Wale huzaliwa katika maji ya ziwa, na mkakao hauna faida nao. Wadudu wa kakao huzaliwa mahali penye uvuli na unyevu, katika majani yaliyooza, katika maganda ya kakao yaliyotupwa, na katika mashina ya migomba yaliyokatwa na kuachwa kulala chini.

Hapo mtaona hatari iliyopo. Mkulima mwenye bidii hupenda kufagia chini ya mikakao yake mpaka pang'ae kama uwanja wa nyumba, akachoma majani yote makavu. Majirani humsifu. Lakini amewachomea wadudu wake nyumba yao, na mwakani maua yataanguka kama kawaida na matunda yatapungua, naye atadhani ametiwa jicho baya. Mwingine hunyunyiza dawa ya kuua wadudu asubuhi, saa ile ile ambapo wale wadogo wanafanya kazi ndani ya maua. Sisemi shamba liachwe liwe pori, wala sisemi matunda yaliyooza na kuwa meusi kwa ugonjwa yaachwe mtini. Hayo yaondolewe na kufukiwa, maana ugonjwa huenea. Lakini majani makavu na migomba iliyokatwa si uchafu. Wazee waliopanda migomba kati ya mikakao walitaka kivuli na ndizi, nao pasipo kukusudia wakapata na wadudu.

Ama mgomba wenyewe, huo ni mwasi katika habari hii yote. Ndizi tulazo hukua pasipo chavua yo yote, na ndani yake hamna mbegu ila vidoa vyeusi visivyoweza kuota. Ndizi za mwituni zina mbegu ngumu kama changarawe, hata mtu hawezi kuzitafuna. Watu wa kale walichagua ile isiyo na mbegu, na tangu hapo mgomba hupandwa kwa machipukizi tu.

Haya, turudi juu kwenye baridi, kwa ile misonobari. Ule upandwao sana katika milima yetu ya kusini asili yake ni Meksiko, na jina lake la kitaalamu ni Pinus patula. Mtautambua kwa sindano zake, ambazo kwa kawaida hutoka tatu tatu katika shina moja dogo na kuning'inia chini. Mti mmoja huzaa koni za namna mbili. Koni za kiume ni ndogo na laini, zimesongamana kwenye vitawi, nazo hazidumu. Zikikomaa, mtu akilipiga tawi kwa fimbo, hutoka wingu la unga wa manjano. Koni za kike ndizo zitakazokuwa zile ngumu za kahawia, lakini mwanzoni ni ndogo kama ncha ya kidole. Katika misonobari mingi koni za kike huwa zaidi katika matawi ya juu, na za kiume chini, hata unga wa mti hauangukii kwa urahisi juu ya koni zake wenyewe.

Hapa hapana jani la rangi, wala harufu tamu, wala asali, kwa kuwa hapana mdudu wa kukaribishwa. Kazi yote ni ya upepo. Kila chembe ya chavua ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa ubavuni, kama mtu aliyejifunga vibuyu viwili ili aelee majini, na kwa hiyo huelea hewani na kwenda mbali. Nyingi sana hupotea juu ya majani, juu ya mapaa na juu ya maji. Mti hulipa hasara hiyo kwa kutoa unga mwingi kupita kiasi.

Lipo jambo lililo kubwa kuliko yote katika koni ya kike. Kila gamba lake, upande wa juu, limechukua vijiyai viwili. Vimelala pale wazi. Havimo ndani ya ovari, wala hapana stigma. Wakati unga unaporuka, magamba hujitenga kidogo, na kila kijiyai hutoa tone dogo la maji penye kijitundu chake. Chembe ya chavua ikinaswa na tone hilo, tone hurudi ndani polepole na kuivuta chembe mpaka kwenye kijiyai chenyewe. Kisha magamba hufunga. Mtaalamu aliyeeleza kwa wazi kwamba vijiyai vya miti hii havina nyumba alikuwa Mskoti, Robert Brown, katika miaka ya 1820. Na tangu siku zake mimea yenye mbegu hugawanywa katika makundi mawili, yenye mbegu zilizofichwa na yenye mbegu zilizo wazi.

Mtauliza: kama kijiyai kiko wazi namna hiyo, bila shaka mbegu hupatikana upesi kuliko ya mhindi? Sivyo. Chavua ikisha kuingia huchipua mrija, lakini mrija wenyewe huenda kwa uvivu wa ajabu, hata husimama kabisa kwa miezi, kwa sababu yai la kike bado halijakomaa. Katika misonobari mwaka mzima hupita, au zaidi, kabla ya mbegu ya kiume kukutana na ya kike. Baada ya hapo miezi mingine hupita koni ikue, igeuke ngumu, na mbegu zikomae. Fikirini jambo hili: mtoto aliye darasa la tano wakati unga unaruka atakuwa amefika la saba koni ile ile ndiyo inakomaa. Katika muda huo mwenye mpunga amevuna na kupanda tena, na mkakao, ambao tunda lake hukomaa kwa miezi mitano au sita, umezaa na kuzaa.

Yako makundi haya mawili yanatofautiana pia katika chakula ambacho kila mama humwekea mtoto wake. Mbegu si mche peke yake. Ina akiba ya chakula, na akiba hiyo ndiyo sisi tuilayo tukila wali au ugali. Msonobari huanza kutengeneza akiba kabla haujajua kama mbegu ya kiume itafika. Mmea wenye maua hungoja. Mwaka 1898 Mrusi Sergei Nawaschin aligundua kwamba mrija wa chavua katika ua huleta mbegu za kiume mbili. Moja huungana na yai, ikawa mche. Ya pili huungana na sehemu nyingine ya kijiyai, na hapo ndipo akiba ya chakula huanza kukua. Kwa hiyo ua lisilopata chavua halipotezi chakula kwa mbegu isiyokuwapo. Ninyi mnaopepeta mpunga mwayajua mapepe, yale makapi matupu yarukayo na upepo. Mengi yake ni maua ambayo mbegu zake za kiume hazikufika, labda kwa ajili ya baridi, au jua kali, au mvua iliyopiga saa ile ya asubuhi, na mmea haukutia kitu ndani.

Mbegu ya msonobari ikiwa tayari hutoka peke yake, pasipo tunda. Ina ubawa mwembamba, na magamba ya koni yakikauka na kufunguka, mbegu huzunguka hewani na kushuka mbali kidogo na mama yake. Koni za Pinus patula zina desturi ya kukawia: nyingi hukaa juu ya mti zimefunga kwa miaka, zikingoja joto kali au moto wa nyika ndipo zifunguke. Ua, kwa upande wake, likisha kugeuza ovari kuwa tunda, huwaajiri wengine. Embe humlipa mtu au popo kwa utamu, na kokwa hutupwa mbali. Tunda la kakao halianguki wala halipasuki lenyewe. Lahitaji nyani, au kindi, au mtu wa kulivunja na kunyonya ule ute mtamu uliozizunguka mbegu.

Mtoto mmoja mwenye macho makali ataleta ushuhuda wa kunipinga. Atasema kwamba katika msitu wa mlima Rungwe ameona mti wenyeji wa huko, mpodo, ambao mbao zake husifiwa na mafundi, nao una kitu chekundu kitamu ambacho ndege hukila. Je, si tunda hilo? Ameona vema, lakini mti huo ni ndugu wa msonobari. Mbegu ya mpodo imekaa wazi, juu ya kikonyo chake. Kikonyo ndicho kilichovimba na kuwa chekundu. Ndege hula kikonyo na kuichukua mbegu. Tena mpodo una miti ya kiume na miti ya kike mbalimbali, kama mpapai. Mti wa kike uliobaki peke yake baada ya wengine kukatwa hauna wa kuuletea unga, na hautazaa hata ukiishi miaka mia.

Na wako wadanganyifu wa upande wa pili. Watu wa pwani huupanda mvinje, wenye majani kama nyuzi na vitu vidogo kama koni. Wengi huuita msonobari. Lakini mvinje hutoa maua, madogo na yasiyopendeza, na vile vikoni vyake ni matunda. Kwa hiyo msihukumu kwa sura ya nje. Ulizeni kila mara: kijiyai kilifichwa, au kilikuwa wazi?

Kwa hesabu, wenye maua wamewashinda wenye koni. Aina za mimea yenye maua zilizokwisha kutambuliwa duniani ni zaidi ya 300,000, na za miti yenye koni kama misonobari ni kiasi cha 600 na kidogo. Lakini wenye koni ni wazee. Walikuwako duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla ya ua la kwanza kufunguka, na mahali penye baridi na udongo mbaya bado wana nguvu. Nguvu hiyo yaweza kuwa baraka au taabu. Kusini ya ziwa letu, katika nchi ya Malawi, uko mlima Mulanje, ambao ndio uliompa mpodo wa kwetu jina lake la kitaalamu, Podocarpus milanjianus. Katika mlima huo, wala si penginepo po pote duniani kwa asili yake, huota mwerezi wa Mulanje, mti wenye koni, wenye mbao za harufu nzuri zisizoliwa na mchwa. Watu wameukata na moto umeuchoma hata miti mikubwa ya kuzaa mbegu imekaribia kwisha kabisa, na siku hizi watu huotesha miche katika vitalu na kuirudisha mlimani. Na katika mlima ule ule msonobari wa Meksiko, uliopandwa na watu katika karne ya 20, umejieneza wenyewe kwa zile mbegu zake zenye mabawa, ukaingia mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Wote wawili wana koni, na wote wawili hutegemea upepo. Mmoja wanatafutiwa watu wa kuulinda, na mwingine wanatafutiwa watu wa kuung'oa.

Kama bado mnayo koni yenu mezani, itieni katika bakuli la maji muiache kwa saa chache. Ile iliyokuwa wazi kama ua itaanza kujifunga, gamba baada ya gamba, mpaka iwe imefunga kabisa. Kisha iwekeni juani juu ya ukuta, nayo itafunguka tena. Imekwisha kufa zamani, wala haina mbegu ndani yake, walakini magamba bado hunywa maji na kukauka kama yalivyofanya juu ya mti, ambako siku ya mvua si siku ya kuziachia mbegu zenye mabawa. Kabla ya kuitia majini, chungulieni juu ya kila gamba, karibu na shina lake. Mtaona alama mbili zilizokaa sambamba, nyembamba, zenye umbo la ubawa. Hapo ndipo zilipolala mbegu mbili.